Baridi Uliyompa Baba Yako kwa Jina Langu

Nasri mwanangu,

Nakusikia chumba cha pili unapima begi kwa mizani uliyoazima kwa jirani. Unaliinua, unaguna, unatoa shati moja, halafu unalirudisha. Habari za kula kwa wakati na kutunza pasipoti sitakuandikia. Shangazi yako amekuimbia hayo wiki nzima mpaka umechoka, na huko Muscat wako watu wa kwetu watakaokuimbia tena. Nakuandikia kwa sababu leo baada ya Alasiri ulipiga magoti mbele yangu, ukanishika mkono, ukasema, "Mama, naomba radhi zako. Nisamehe nilipokukosea kwa kujua na kwa kutojua." Nami nikakwambia, "Ngoja." Nikainuka, nikaenda jikoni kufunua sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Uliona ajabu. Shangazi yako aliona ajabu zaidi yako. Mama gani anambania mwanawe radhi na kesho mtoto anapanda ndege? Basi jibu langu ndilo hili, na ni refu, kwa sababu kwa mdomo ningelia au ningetukana, na sitaki uondoke na kimojawapo.

Najua habari ya kompresa, ile pampu ya AC ya gari langu. Najua iko kwenye gari la nani na najua mkono ulioifungua ni wako. Nimejua muda sasa, nimekaa nayo kifuani huku nakupakulia wali kila siku, nikingoja useme mwenyewe. Kila ulipofungua mdomo nilidhani leo ndiyo leo, kumbe unaomba pilipili.

Nataka nikusimulie tangu mwanzo, maana nadhani hujui njia uliyonipitisha ilikuwa ndefu kiasi gani. AC ya gari langu ilianza tabia yake baada ya Idi. Asubuhi nikitoka Mchafukoge inapoza mpaka najifunga mtandio shingoni. Ikifika mchana, niko kwenye foleni na mzigo wa wateja kiti cha nyuma, upepo unaanza kutoka wa vuguvugu, kisha wa moto kabisa, na jasho linanitiririka chini ya baibui. Nikiliegesha gari kivulini nikaingia mahali kunywa maji, nikirudi, baridi imerudi kama vile hapakuwa na kitu. Na mimi ndiye mwenye duka la vifaa vya AC za magari, duka la babu yako, mtaa mzima unanijua. Majirani wa Kariakoo hawana dogo. Walinitania kwamba penye miti hapana wajenzi, nami nikacheka nao, kwa sababu nilikuwa na fundi wangu nyumbani.

Nilikwambia wewe. Ningemwambia nani mwingine? Ulipomaliza shule ni mimi niliyekushika mkono nikakupeleka kwa fundi Massawe, nikamwomba akufundishe kazi, na Massawe akakufundisha kama mwanawe. Nikajiambia sasa nina fundi ambaye sihitaji kumlinda.

Unajua ninavyowaambia wateja wangu. Nimewaambia mbele yako tangu ukiwa unasukuma maboksi dukani: boneti likifunguliwa, kaa. Vuta kigoda, agiza chai, kaa mpaka lifungwe. Mjini hapa mtu huondoka kwenda kula, akirudi kifaa chake kizima kimehamia kwa mwingine, na yeye kafungiwa kilichochoka, kimefutwa mafuta kinang'aa. Hata Massawe, fundi mwaminifu kuliko wote ninaowajua, nilikaa pembeni yake alipokuwa akigusa gari langu, na yeye hakuona vibaya. Ndivyo tunavyofanya kazi. Lakini wewe sikukuvutia kigoda. Mama hakai kumlinda mwanawe kama mlinzi wa benki. Tangu kabla ya Idi nilikuwa nakutupia funguo, narudi dukani kuuza, na nilijisikia fahari.

Ukasema, "Gesi hiyo Mama, usiwaze." Ukaongeza gesi. Siku mbili tatu, joto likarudi. Ukasema ni feni ya mbele haivuti vizuri, ukaifungua, ukaisafisha. Ukasema ni vumbi ndani ya dashibodi, ukalitoa kiganja kizima ukanionyesha, nami nikasema maskini mwanangu anavyohangaika. Kila mara ulikuwa unanipimia AC asubuhi, au jioni gari likiwa limepoa, unaniwekea mkono wangu kwenye tundu la upepo, "Umeona? Barafu." Nami naona barafu. Ulijua saa ya kunipimia, Nasri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kompresa yenyewe. Kuchukua kifaa ni tendo la siku moja. Kunishika mkono na kuuweka penye baridi, huku unajua adhuhuri itanikuta wapi, hilo ulilirudia.

Mganga hajigangi, lakini nilichoka kungoja mganga. Siku moja mchana nilikuwa kwenye foleni hapo Mnazi Mmoja, baridi ikakata. Nikasema leo sizimi, siendi kivulini, leo naitazama ikiwa imekata. Nikawasha taa za hatari, nikashuka, nikafungua boneti katikati ya barabara. Honi nilizopigiwa siwezi kukuandikia. Bodaboda mmoja akaniambia, "Mama, gari imekufa? Sogeza pembeni basi." Nikamwambia lipo hai kuliko yeye.

Nikatazama kwa utaratibu, kama nilivyowasikia mafundi miaka yote hiyo wakibishana kwenye kaunta yangu. Feni ya mbele inazunguka, basi si feni. Mkanda unazunguka na puli, gurudumu lake, basi si mkanda. Lakini ile sahani ya mbele ya kompresa, ile ambayo sumaku inatakiwa kuivuta ishikamane na puli wazunguke pamoja, ilikuwa imesimama tuli. Nikachukua mwavuli, nikaisukuma polepole kwa mpini wa mti. Ikanasa, injini ikashuka sauti kidogo, na nilipoingiza kichwa ndani ya gari baridi ilikuwa inatoka. Kumbe sahani imelika, nafasi imekuwa kubwa, na sumaku ikishapata moto haina tena nguvu ya kuivuta. Ikipoa, inavuta. Kompresa ya kizee.

Sasa mimi kompresa yangu niliichagua mwenyewe kwenye mzigo, nzuri kuliko zote, haijamaliza mwaka. Nikainama na honi zao. Unajua kila kompresa inayotoka dukani kwangu naitia vitone viwili vya rangi ya kucha nyekundu, pale chini ya mdomo wa bomba, ili mteja asinirudishie ya mwingine akasema ni yangu. Hii haikuwa na kitone. Ilikuwa na kutu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linanipasha uso moto. Sikurudi nyumbani kukuuliza. Wewe hata hukunipitia kichwani. Nilikwenda moja kwa moja gereji kwa Massawe, na mafundi wote wapo, na wateja wawili wamekaa kwenye vigoda.

"Massawe, nani kanibadilishia kompresa?"

"Karibu kwanza, Mama Nasri. Kuna nini tena?"

"Yangu ina alama, hii haina. Na gari hili halifunguliwi popote isipokuwa hapa kwako."

Akajifuta mikono taratibu. "Mimi gari yako sijaigusa toka mwaka jana. Muulize anayeigusa."

"Usinigombanishe na mwanangu, Massawe. Kama umekula, sema umekula."

Wewe ulikuwa umesimama pale na kitambaa, unafuta spana ambayo ilikwisha kuwa safi. Massawe akakugeukia. Nakumbuka alikungoja. "Dogo, huna la kusema?"

Ukasema, "Mimi sijui, fundi."

Wale wateja wawili wakatazamana, mmoja akainuka akaenda kusimama karibu na gari lake. Massawe akainamia tena kazi yake. Mzee wa watu, kaja kutoka Kilimanjaro kijana, kajenga jina lake mtaa ule kwa kutokula kifaa cha mtu, na mimi nikamvua nguo mbele za watu kwa sababu nilikuwa na hakika na mwanangu. Usiku ule ulikula vizuri. Nilikutazama unakula.

Kikulacho ki nguoni mwako, bibi yako alikuwa akilisema hilo kuhusu baba yako, nami nilikuwa nachukia akilisema.

Baadaye akaja kijana mmoja wa gereji ya mtaa wa nyuma, kashika mkanda uliokatika, anataka wa namna hiyo. Unanijua, simuuzii mtu mkanda bila kuiona puli kwa macho yangu, maana wakikosea wanakuja kunirushia mimi. Nikamfuata. Gari lenyewe kama langu, aina moja, jeupe hivyo hivyo, mjini hapa yamejaa. Nikainama kutazama puli. Vitone viwili vyekundu vikanitazama.

Nilidhani nimempata mwizi. Nikainua kichwa kumtafuta mwenye gari, na aliyekuwa akiinuka kutoka kwenye kivuli cha ukuta, na kikombe cha kahawa mkononi, alikuwa baba yako.

"Asalaam alaykum, Swafia."

Sijamsikia akiita jina langu tangu uko darasa la pili. Nikaitikia, maana salamu ya Mungu haina ugomvi. Kisha nikamuuliza, "Kompresa hii umeipata wapi?"

Akashangaa kabisa. "Si uliyoitoa wewe? Nasri aliniambia. Alisema, mama kasema uchukue, yaliyopita yamepita." Akatazama chini kwenye kikombe. "Nilitaka kuja kukushukuru, nikaona haya. Wallahi ulinitoa mbali. Abiria walikuwa wanashuka njiani kwa joto, wengine wanakataa kupanda. Nakuombea kila swala."

Nasri, nilisimama pale na mkanda mkononi. Ningeweza kusema neno moja tu, "Sikutoa," na lingekumaliza wewe mbele ya baba yako, mbele ya mafundi, na Kariakoo ingelijua kabla ya Adhuhuri. Nikasema, "Amin." Nikampimia mkanda, nikarudi dukani, nikafunga mlango wa nyuma, nikakaa juu ya boksi.

Massawe nilikwenda kumwomba radhi siku hiyo hiyo, tena mbele ya mafundi wake, kwa sababu nilimkosea mbele yao. Nilimwambia nimekosea, kompresa nimejua iliko. Hakuniuliza iko wapi. Alisema tu, "Nilijua, mama. Nilimwachia mwenyewe aseme." Kwa hiyo tulikuwa wawili tunakungoja.

Sasa nikwambie jambo ambalo pengine ulidhani silijui. Ungeniomba, ningekataa. Sitajifanya malaika kwenye karatasi. Jina la baba yako nililipiga marufuku ndani ya nyumba hii, na wewe ukakua unalimeza kama dawa chungu. Ungeniambia, Mama, baba kompresa yake imekufa na kazi inamshinda, ningepiga kelele, ningesema akamwombe mkewe wa Magomeni. Ningelala na hasira zangu. Na kesho yake, Nasri, ningekutuma dukani uichukue moja rafuni umpelekee, na ningekwambia usimwambie imetoka wapi. Ndivyo nilivyo. Umekaa nami miaka yote hiyo na bado hukunipa hiyo siku moja ya kukataa.

Kumpenda baba yako si kosa. Nililia nilipojua kwamba ulikuwa unakwenda Magomeni kwa siri, lakini nililia kwa wivu, na wivu ni mali yangu mwenyewe, sikudai. Ninachokudai ni kingine. Ulichukua msamaha wangu, kitu ambacho nilikuwa sijakitoa, ambacho nilikuwa nakifikiria taratibu kwa wakati wangu, ukakipeleka Magomeni kama mzigo wa duka. Mtu ananiombea kila swala kwa wema ambao sikuufanya. Unajua uzito wa kuombewa dua ya namna hiyo? Kila nikisikia adhana namkumbuka ameinua mikono, na naona haya mbele ya Mungu.

Wala usidhani ni wewe wa kwanza kunizungusha hivi. Baba yako naye kabla hajaoa huko Magomeni alikuwa anakuja na kukata kama AC ile. Wiki moja ni asali, analeta halua, anakubeba mabegani mpaka sebuleni. Wiki ya pili yuko pale pale kitini lakini hayupo. Kila wema wake uliporudi nilijiambia amepona, yamekwisha, na sikumuuliza ile siku alipokata, nilingoja siku nzuri ndipo nimuulize. Siku nzuri atakujibu nini? Atakwambia hakuna kitu, na kweli siku hiyo hakuna kitu. Ndoa yake ya pili niliisikia kwa mteja aliyekuja kununua rilei. Nilimpa chenji yake kamili, sijui kwa akili gani.

Ndiyo maana Mnazi Mmoja nilishuka na honi zao. Nilichelewa miaka mingi kujifunza kwamba kitu kinachokata na kurudi utakijua tu ukikitazama wakati kimekata, na joto lako, na aibu yako ya watu wanaokupigia kelele. Huko unakokwenda jua ni kali kuliko letu na magari ya namna hiyo yatakuwa mengi. Mwenye gari akikwambia inakata mchana, usimpimie asubuhi. Kama hujui, mwambie hujui. Usimwambie gesi. Hilo ni la kazi, lakini na mkeo siku ukimpata, fanya hivyo hivyo.

Nilifikiri leo jioni kukupa radhi tu nimalize, kama mama wengine. Ni rahisi, ni neno moja, na shangazi yako angefurahi. Lakini ulivyoomba, kwa kujua na kwa kutojua, uliomba kama watu wanavyoomba kwenye Idi, kwa kufunika vyote kwa shuka moja. Ya kutojua nimekusamehe tangu hujazaliwa. Ile ya kujua nataka uitaje.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Baada ya Magharibi nilimpigia simu baba yako, mara ya kwanza tangu aondoke. Nilimwambia mwanao anasafiri alfajiri, uje umpeleke uwanja wa ndege na gari lako. Aliuliza saa ngapi, kisha akasema atakuja. Sikumwambia lingine lolote. Nami nitakwenda nanyi, nitakaa kiti cha nyuma. Barua hii naiweka juu ya viatu vyako ili uisome kabla hajafika.

Njiani kutapiga baridi nzuri, naijua kompresa ile. Sitakuuliza kitu. Nimekwisha kuuliza sana. Mwambie baba yako kwamba mama hakutoa, kwamba ulichukua wewe, na kwamba Massawe alitukanwa kwa ajili yako ukanyamaza. Mwambie na mimi nikiwa nasikia. Najua utatamani ardhi ipasuke. Atapunguza mwendo, pengine atasimamisha gari kando, pengine atataka kuifungua pale pale anirudishie, ana kiburi chake.

Hapo nitamwambia aendeshe, tutachelewa ndege, na kwamba kompresa abaki nayo, leo nampa mimi, Swafia, kwa mdomo wangu mwenyewe. Kisha nitakushika bega kutoka nyuma nikuwie radhi, mwanangu, na mbele yake asikie.

Mama yako